Je, Siasa Ina Mizani Yake Peke Yake?

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama katika darasa la siasa la tawi. Twayachapa kama yalivyosemwa, ili na wale ambao hawakuhudhuria wapate kuyapima.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelisikia, barazani, sokoni, na hata ndani ya mikutano yetu wenyewe. Mtu humwambia kiongozi, "Ulilotenda si haki." Kiongozi hujibu, "Hiyo ni siasa, bwana." Na akiisha kusema hivyo mazungumzo hukoma. Aliyeuliza hunyamaza, kama mtu aliyeambiwa kwamba amekanyaga shamba lisilo lake.

Maana ya jibu hilo ni kwamba ziko mizani mbili. Moja ni ya kuwapimia watu majumbani, misikitini, makanisani na dukani. Ya pili ni ya kupimia mambo ya siasa. Na kwamba ile ya kwanza haina kazi mahali pa ile ya pili.

Leo twataka kulitazama neno hili kwa makini. Hatutaki kulilaani tu, maana kulaani ni rahisi, wala hakumfundishi mtu lolote. Wako watu wenye akili nyingi waliolishika neno hili. Ikiwa ni kweli, basi yafaa tulikubali tuache kujidanganya. Ikiwa si kweli, yafaa tujue kosa lake liko wapi hasa, maana uongo hauishi siku nyingi kati ya watu isipokuwa umechanganywa na ukweli kidogo.

WANAVYOSEMA WENYE HOJA HII

Mtu anayetajwa zaidi katika jambo hili ni Niccolò Machiavelli, aliyekuwa katibu katika serikali ya mji wa Florence, huko Italia. Alifanya kazi hiyo tangu 1498 mpaka 1512, utawala ulipobadilika akaondolewa. Akafungwa, akateswa, kisha akaachiliwa akaenda kukaa shambani. Huko, mwaka 1513, akaandika kitabu kidogo juu ya watawala. Kitabu hicho hakikuchapwa mpaka 1532, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tangu 1527.

Hoja yake, kwa maneno yetu, ni hii. Watu wengi si wema. Mtawala atakayeshika wema siku zote kati ya watu wasio wema ataangamia, na dola yake itaangamia pamoja naye. Kwa hiyo yampasa ajue namna ya kuuacha wema pale haja inapomlazimu.

Yafaa tumtendee haki mzee huyo. Hakusema kwamba uovu ni wema. Aliuita uovu kwa jina lake. Alichosema ni kwamba kuihifadhi dola kuna masharti yake, na kwamba masharti hayo hayaulizi kama wewe ni mtu mwema nyumbani kwako. Wengi wanaotaja jina lake leo hawana hata unyofu huo. Wao hufanya uovu, kisha huuita busara.

PANAPO UKWELI

Twasema kwanza palipo na ukweli, ndipo tufike penye kosa.

Ukweli wa kwanza: siasa ni kazi, na kila kazi ina ujuzi wake. Nahodha wa jahazi hapimwi kwa sala zake. Hupimwa kama aijua kaskazi na kusi, kama aujua mkondo na miamba, kama aweza kukunja tanga kabla dhoruba haijafika. Mtu mwema asiyejua bahari atawazamisha abiria wake wote, na wema wake hautawaokoa. Kadhalika katika siasa. Kiongozi asiyejua kuhesabu kura, asiyejua wakati wa kusema na wakati wa kungoja, asiyeweza kuwaweka pamoja watu wenye nia mbalimbali, huyo si kiongozi hata kama moyo wake ni safi kama maji ya kisima. Kwa maana hii siasa ina mizani yake, wala hatuna haja ya kubisha.

Ukweli wa pili: cheo hubadili wajibu. Mtu akiibiwa kuku wake, akamsamehe mwizi, twamsifu kwa ukarimu. Lakini mtunza hazina wa chama cha ushirika akiwasamehe walioiba fedha za wakulima wa pamba, hatumsifu, maana amegawa kitu kisicho chake. Mtu binafsi aweza kugeuza shavu la pili. Waziri wa ulinzi hana ruhusa ya kugeuza mashavu ya watu milioni kadha. Basi mwenye cheo aweza kutakiwa kufanya jambo ambalo jirani yake hatakiwi kulifanya.

Lakini angalieni vizuri, ndugu. Ukweli huu wa pili hautuondoi katika uadilifu hata kidogo. Kwa nini mtunza hazina hana ruhusa ya kusamehe? Kwa sababu fedha ni amana. Na amana ni neno la uadilifu tangu zamani, kabla hakijazaliwa chama chochote. Mizani ni ile ile. Kilichobadilika ni mzigo uliowekwa juu yake.

Na ule ukweli wa kwanza nao una mpaka wake. Ujuzi wa nahodha watuambia namna ya kufika. Hautuambii tuende wapi, wala tumebeba nini ndani ya jahazi. Katika pwani hii yetu wamepita manahodha hodari kupita kiasi, ambao shehena yao ilikuwa ni binadamu waliofungwa minyororo. Walikuwa mabingwa wa bahari. Je, ubingwa wao uliisafisha shehena?

TABORA, JANUARI 1958

Tuchukue sasa mfano wa nyumbani, maana maneno matupu hayajengi. Mfano huo ni mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora, Januari 1958.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Majimbo yalikuwa kumi na viti thelathini, kumi kwa kila upande. Wakati huo Waafrika wa Tanganyika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu walikuwa kama 20,000 tu. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Yaliwekwa masharti ya kipato, elimu au cheo, yaliyowaacha nje Waafrika walio wengi. Dhuluma ilikuwa wazi kabisa. TANU yenyewe ilikwisha sema hivyo mara nyingi, na Mwalimu Nyerere alikuwa amejiuzulu kiti chake katika Baraza la Kutunga Sheria mwezi Desemba 1957, kwa kuona kwamba Serikali haikuwa tayari kusogea.

Basi wajumbe walipokutana Tabora swali lilikuwa gumu. Je, tuingie katika uchaguzi ambao sisi wenyewe tumeuita dhuluma? Wengi walisema la. Walisema kwamba ukiingia katika jambo baya umelikubali. Upande wa pili, Mwalimu akiwa mbele, walisema kwamba tukisusa, viti vyote vitachukuliwa na UTP, chama kilichoundwa 1956 kwa kuungwa mkono na Gavana Twining, nasi tutabaki nje tukiwa na usafi wetu mikononi, huku wengine wakitunga sheria za kutufunga.

Baada ya mabishano makali mkutano uliamua kuingia. Zuberi Mtemvu hakuridhika. Alijitoa, akaanzisha chama chake cha African National Congress. Uchaguzi ukafanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU iliwaunga mkono pia Wazungu na Waasia waliokubali siasa yake, kama Derek Bryceson na Amir Jamal, na watu wake wakashinda. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Wapenda kusema "hiyo ni siasa" huutaja mkutano wa Tabora kama shahidi wao. Husema: tazameni, hapo Mwalimu aliweka haki pembeni akashika siasa, na siasa ikaleta uhuru. Twasema hapana, si hivyo hata kidogo. Tuyatazame mambo yaliyotendeka, moja moja.

Kwanza, jambo hilo halikufanywa gizani. Lilijadiliwa mbele ya wajumbe, wakabishana, wakakata shauri. Pili, hapakuwa na uongo. TANU haikugeuka kusema kwamba kura tatu ni kitu kizuri. Iliendelea kuiita dhuluma, ikatangaza mchana kweupe kwamba inaingia ili kuivunja. Tatu, gharama ya uamuzi ule iliwaangukia wale wale walioukata: waliumeza uchungu wao, wakavumilia kuitwa wasaliti. Hawakumtwisha mzigo mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Nne, walio mbele walisimama wakajibu kwa majina yao. Kama shauri lingekwenda vibaya, kila mtu alijua wa kumwuliza.

Basi pale Tabora haki haikuwekwa pembeni. Mtemvu alikuwa akisema juu ya haki, na Nyerere naye alikuwa akisema juu ya haki. Walichobishania ni njia. Na katika kuchagua njia ndipo ujuzi wa siasa una kazi yake halali. Mtu akishika haki bila busara aweza kuipoteza haki yenyewe; lakini busara isiyo na haki haina hata cha kupoteza.

Mwaka huo huo Mwalimu alishitakiwa kwa kuwakashifu ma-DC wawili katika gazeti la chama. Mwezi Agosti 1958 mahakama ikamtia hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Katika siku zile kwenda jela kulikuwa heshima kubwa kwa mpigania uhuru, na uchaguzi ulikuwa umebaki wiki chache tu. Yeye alilipa faini akarudi kazini. Hapo napo hatuoni kwamba uadilifu uliwekwa kando. Twaona mtu aliyeweka kazi ya watu mbele ya sifa yake mwenyewe.

PANAPO KOSA

Sasa tufike penye kosa. Kosa ni pale mtu anapotoka katika zile kweli mbili akarukia ya tatu, akasema: kwa kuwa siasa ina ujuzi wake, basi kushinda ndiko kipimo chake cha mwisho, aliyeshinda amehesabiwa haki.

Ndugu wanachama, neno hili tukilikubali, tumeukata mti tulioukalia. Jiulizeni: ukoloni ulipingwa kwa silaha gani katika Tanganyika? Hatukuwa na mizinga. Wazee wetu wa Maji Maji walijaribu vita tangu 1905 hata 1907, wakaangamizwa kwa risasi na kwa njaa. Mwalimu aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, Machi 1955, hakwenda na jeshi. Alikwenda na neno moja, kwamba si haki watu kutawalwa na watu wengine. Kama siasa haijui haki, ila nguvu tu, basi mkoloni alikuwa na nguvu, na kwa mizani hiyo alikuwa sawa kabisa kututawala. Malalamiko yetu yote yangekuwa ni kilio cha mtu aliyeshindwa mieleka. Hatuwezi kuitumia mizani ya haki tulipokuwa chini, kisha tukaitupa baharini siku tuliyopanda juu. Mwenye kufanya hivyo anaungama kwamba hakuchukia ukoloni; alichukia tu kwamba mkoloni hakuwa yeye.

Tena, hata kwa mizani yake yenyewe, ushindi wa hila haudumu. Yule mtawala kijana ambaye Machiavelli alimsifu, Cesare Borgia, aliteka miji kwa nguvu na udanganyifu akisaidiwa na baba yake, Papa Alexander wa Sita. Papa akafa 1503. Mara Borgia akapoteza karibu kila kitu, na 1507 akafa vitani. Machiavelli alimlaumu zaidi bahati mbaya. Sisi twaona sababu nyingine: mtu aliyewadanganya wote, siku ya shida hakupata wa kumwamini.

Linganisheni na Gandhi. Mwezi Februari 1922, katika mji mdogo wa Chauri Chaura huko Bara Hindi, umati wa wafuasi wa harakati ulichoma kituo cha polisi, na polisi 22 wakafa. Harakati zilikuwa zimepamba moto nchi nzima. Gandhi alizisimamisha. Wenzake wengi, wengine wakiwa gerezani, walikasirika mno. Waliona kwamba ameutupa ushindi uliokuwa mkononi. Mwezi wa pili yake akakamatwa yeye mwenyewe, akahukumiwa miaka sita. Kwa hesabu ya siku ile alikuwa ameshindwa. Lakini watu wa India walijua tangu hapo kwamba neno la mtu yule halina sura mbili, nao wakamfuata tena miaka ya mbele, mpaka uhuru ulipopatikana 1947. Kuaminika ni mtaji wa siasa. Ni mtaji usionunulika, na ukiutumia ovyo hukopeshwi tena.

VIJIJI

Haifai tutaje ya Tabora tu, tukanyamaza juu ya mambo magumu. Tukifanya hivyo tutakuwa tunafanya kile kile tunachokikataa.

Mwezi Septemba 1967 Mwalimu alitoa maandishi juu ya ujamaa vijijini. Humo ilisemwa wazi kwamba watu waingie katika vijiji vya ujamaa kwa hiari yao, si kwa kulazimishwa, kwa kuwa ujamaa wa kulazimishwa si ujamaa. Miaka sita ikapita, na walioingia kwa hiari walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Novemba 1973 ikatoka amri kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kwamba kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu wakahamishwa. Mahali pengine walikwenda kwa kupenda. Mahali pengine nyumba zao zilivunjwa au kuchomwa moto ili wasirudi, wakashushwa porini bila maji wala nyumba. Ukame ukaja miaka hiyo hiyo, mazao yakapungua, na nchi ikalazimika kununua chakula kingi kutoka nje.

Nia ilikuwa njema, hilo twalishuhudia. Watu walitakiwa wakae pamoja ili wapate shule, maji na zahanati. Na kweli wengi walivipata. Watoto wengi wa wakulima waliingia darasani miaka ile, ambao baba zao hawakuwahi kushika kalamu. Mwenye kuyakana mema hayo ni mwongo.

Lakini tuweke jambo hili juu ya mizani ile ile tuliyoiweka ya Tabora. Pale Tabora waliolipa gharama ni walioamua. Hapa aliyeamua alikuwa ofisini, na aliyelipa ni mama aliyetolewa nyumbani kwake na watoto mgongoni. Pale palikuwa na mabishano. Hapa aliyebisha aliitwa adui wa maendeleo. Pale hapakuwa na uongo. Hapa lilibaki neno "hiari" katika maandishi, na mkono wa mgambo katika shamba. Shule iliyojengwa haiizimi nyumba iliyochomwa. Vitu viwili hivyo vyote vilitendeka, na daftari la mtu mwaminifu huandika pande zote mbili.

Tena tazameni: aliyechoma nyumba hakuwa mtu katili siku zote. Yawezekana alikuwa mtu wa sala, mwenye huruma kwa watoto wake. Ila alikuwa ameambiwa kwamba hapa, katika kazi hii, kipimo ni kutimiza hesabu ya vijiji kabla ya tarehe. Hilo ndilo linalotokea mizani ya pili inapoletwa. Haimgeuzi mtu mwema kuwa shetani. Humpa tu mahali pa kuutundikia wema wake, kama koti mlangoni, kabla hajaingia kazini.

AHADI YA 1965

Ziko pia siku ambazo haki ilichaguliwa ikiwa na hasara ya wazi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, ili wachache wawatawale wengi. Nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zikaazimia kwamba kama Uingereza haitauzima uasi huo kufikia 15 Desemba, zitavunja uhusiano nayo. Tarehe ikafika, uasi upo. Tanzania ikavunja uhusiano. Nchi nyingi zilizoazimia hazikufanya hivyo. Tanzania ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kubaliwa, katika miaka ambayo kila pauni ilikuwa na kazi yake.

Je, Rhodesia ilianguka mwaka uliofuata? Haikuanguka. Zimbabwe ilipata uhuru 1980. Mtu wa mizani ya pili angesema kwa miaka karibu kumi na mitano kwamba Tanzania ilifanya ujinga. Sisi twasema kwamba ahadi ilikuwa ahadi. Na wapigania uhuru wa kusini, waliokuwa na ofisi zao Dar es Salaam, walijua kwamba nyumba waliyofikia ni nyumba ya watu wanaosimama penye neno lao.

NENO LIKIBADILISHWA NGUO

Kuna alama moja ya kuitambua mizani ya pili inapoingia mlangoni: huja na maneno mapya. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, na humo likaingia neno "takrima". Ni neno zuri, lenye harufu ya ukarimu. Mgombea akiwapa wapiga kura chakula, vinywaji na vitu vingine kwa nia njema, hiyo ikaitwa takrima, si rushwa. Kila mwanakijiji alijua tofauti ya mgeni anayekirimiwa na mpiga kura anayenunuliwa, lakini sheria ikajifanya haijui. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikayabatilisha masharti hayo ya sheria.

Fundisho lake kwetu ni hili. Mtu akiwa na uhakika kwamba jambo lake ni halali, huliita kwa jina lake la zamani. Akianza kulitafutia jina jipya, mshike mkono umwulize anakwenda wapi. Na tusiseme haya tukiwatazama wengine tu. Wakati wa kuchaguana ndani ya vyama ukikaribia, bahasha nazo huanza kutembea, na siku hizi zina majina mengi: nauli, soda, posho, asante. Mzee wa kijiji aliyepewa elfu chache jioni ya kuamkia kura hakukirimiwa. Amenunuliwa, tena kwa bei ndogo.

MAMBO YANAPOKUWA MAGUMU

Mtu atauliza: je, hakuna siku ambayo kila njia ina ubaya ndani yake? Ipo. Kiongozi aweza kukuta kwamba akitenda atawaumiza watu, na asipotenda atawaumiza watu. Hatuwezi kumwahidi kwamba atatoka mikono mieupe. Lakini kuna njia mbili za kutoka. Mmoja hutoka akisema, "Hiyo ni siasa." Mwingine hutoka akisema, "Hili limetokea chini ya mkono wangu, nami nitalijibu."

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kulikuwa na mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuyakomesha. Hilo halina ubishi. Lakini katika kuwasaka wahusika, maofisa wa polisi na wa usalama waliwatesa watu waliokamatwa, na baadhi yao wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Yeye mwenyewe hakuwa ametesa mtu. Angaliweza kusema kwamba hakujua, au kwamba kazi ya kulinda raia ina ukali wake. Januari 1977 alijiuzulu, kwa kuwa jambo lilitendwa na watu waliokuwa chini yake. Na viongozi wengine wakajiuzulu pia.

Wako waliodhani kwamba siasa imekwisha kwake. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hatusemi kwamba kila anayewajibika hulipwa cheo. La, wengi huondoka na hawarudi. Twasema kwamba watu walimwona, wakakumbuka.

TUFANYE NINI

Ndugu wanachama, hatukuja hapa kujisifu kwa maneno. Tuchukue maswali manne twende nayo matawini kwetu. Ni yale yale yaliyotoka katika habari ya Tabora.

Likiletwa shauri lolote katika kikao, tuulize kwanza: je, jambo hili laweza kusemwa wazi mbele ya wanachama wote? Pili: je, ndani yake mna uongo, au jina jipya la kitu cha zamani? Tatu: ni nani atakayelipa gharama yake, na je, ameulizwa? Nne: likiharibika, nani atasimama alijibu?

Shauri likipita maswali hayo manne, basi wapeni wajuzi wa siasa nafasi, wahesabu kura, wapange safari, wachague siku. Hapo ujuzi wao ni mali yetu sote. Lisipopita, hata kama litatupa viti vyote nchini, tulikatae pale pale kikaoni, na anayelikataa asiachwe peke yake.

Na hapa ndipo penye ugumu hasa. Katika vikao mara nyingi anayeuliza swali la haki huchekwa. Huambiwa kwamba bado hajakomaa, hajui siasa. Vijana wanaona hivyo, nao wanajifunza haraka kwamba ukomavu ni kunyamaza. Tukiwafundisha hivyo leo, kesho tusishangae watakapotutendea sisi kwa mizani ile ile tuliyowapa. Mwanachama asiye na cheo wala fedha ana kinga moja tu mbele ya kiongozi wake, nayo ni kwamba kiongozi yule anaweza kuambiwa, "Hili si haki," na neno hilo likawa na uzito. Tukiliondolea uzito neno hilo, mnyonge hana tena silaha yoyote.

Basi siku mtu akikujibu, "Hiyo ni siasa, bwana," usiondoke. Kaa chini, umwambie kwa heshima: "Ndiyo, ndugu, ni siasa. Ndiyo maana nauliza."